Waya wa Chini ya Godoro

Diski ya nje ilikuwa imegoma siku ya tatu, na aliyefurahia mgomo huo kuliko wote ni mwenye diski mwenyewe. Mbele za watu alikunja uso na kuguna kama mtu aliyefiwa. Moyoni alikuwa anashukuru.

Sababu aliijua yeye. Miaka miwili nyuma alifuta video ya harusi yake ili apate nafasi ya fainali kumi na nne za mpira, alizoapa kuzitazama upya na asizitazame hata moja. Wakati ule hakuona kosa. Bwana harusi ni yeye, bibi harusi yuko ndani, video ya nini tena? Kisha mwaka huu baba mkwe akafariki, na ikabainika kwamba sauti ya mzee imebaki mahali pamoja tu: kwenye hotuba aliyotoa siku ile ya harusi. Mama mkwe akafunga safari kuja kuisikia.

Basi mkwe akafanya alichoweza. Aliuficha waya wa diski, akaweka mahali pake waya uliokuja na tochi ya kuchaji. Taa ya diski iliwaka vizuri tu, lakini kompyuta ilijifanya haijaona kitu. Hesabu yake ilikuwa kwamba mama mkwe angesikitika kidogo, angekunywa chai, angerudi kwake.

Alisahau jambo moja. Mama mkwe alistaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kuunganisha watu kwenye mitambo ya simu, akichomeka na kuchomoa waya kutwa nzima. Alivaa miwani, akavuta kiti mezani. Mkwe, kwa heshima, alisimama mlangoni macho chini, na kutoka pale hakuna namna ya kumnyang'anya mama mkwe kitu mkononi.

"Taa inawaka, mwanangu?"

"Inawaka, mama. Ila kwa ndani imeshakufa." Akajikuna kisogo.

Mama alihamisha waya tundu la pili, kisha la tatu. Alizima kompyuta, akaiwasha. Halafu akaiweka diski sikioni na kufumba macho.

"Inazunguka. Haigongi wala haikwaruzi. Hii nzima."

"Huwa zinajifanya nzima, mama." Kisogo tena.

"Iliwahi kuanguka?"

"Sana."

"Lini?"

Swali hilo hakuwa amelifanyia maandalizi. "Nyakati mbalimbali," alisema.

Mama akauchomoa waya kwenye diski, akauchomeka kwenye simu yake ya zamani. Simu ilianza kuchaji, lakini kompyuta haikuiona na yenyewe.

"Mgonjwa si diski," mama alisema. "Waya huu unapeleka umeme, haupeleki maneno. Hamna mwingine?"

"Hamna, mama. Nimetafuta nyumba nzima."

Mkewe alikuwa kwenye kochi, anakunja nguo. Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na waya mweusi uliokunjwa.

"Umeutoa wapi?" mumewe akauliza.

"Chini ya godoro, upande wako. Nikijigeuza unanichoma mbavu."

Mama aliupokea kwa mikono miwili. Mkwe akaona kwamba mama amevaa gauni lake zuri kabisa, na viatu vya kutokea, ili aje kumsikiliza mumewe. Aibu ilimshika.

"Mama, usichomeke. Hotuba haimo. Niliifuta mimi, nikaweka mpira. Nisamehe."

Waya ukabaki umening'inia mkononi mwa mama. Binti yake akauchukua taratibu, akauchomeka. Kompyuta ikalia kidogo, dirisha likafunguka. Ndani mlikuwa na folda moja tu, imeandikwa HARUSI.

"Uliifuta ukaiacha kwenye pipa la taka la kompyuta," mkewe alimwambia. "Niliitoa wiki ile ile. Mpira nikaufuta mimi. Miaka miwili nakusubiri uniambie mwenyewe, na hata hujajua kwamba fainali zako hazipo."

Akabonyeza. Mzee akatokea, tai imekwenda upande, anakipiga kipaza sauti kwa kidole kuona kama kinasikika. Mama alijishika kifua. Alikuwa amemkumbuka mno mtu huyu.

"Binti yangu nampa huyu bwana," mzee alisema, "kwa sababu hajui kudanganya. Akisema uongo anajikuna kisogo. Nimemhesabu leo, mara nne."

Mama alicheka, machozi yakamtoka, akarudisha nyuma asikie tena. Akarudisha na mara ya tatu. Ndipo akavua miwani, akaifuta, akamgeukia mkwe wake pale mlangoni.

"Nimekusamehe, mwanangu. Na huo mpira wako je, haukuumi roho?"

"Hata kidogo, mama," alijibu, na mkono wake ukaanza kupanda kisogoni.