Ng'ombe Mweusi wa Waderone

Marcellin aliifuta sarafu kwa pindo la shati, akaiinua dirishani, akatabasamu. Jana ilikuwa nyeusi kama sufuria ya mkaa. Leo ng'ombe aliyechorwa juu yake na gari analolivuta vilimetameta. Majivu na ndimu: hivyo ndivyo alivyosugua vikombe vya misa parokiani kwao Walungu, na padri hakuwahi kulalamika. Mgeni wa saa nne, aliyetaka kuinunua, asingekuta fedha chafu dukani kwa Patron, muuza sarafu za kale.

Katika chumba cha nyuma, Patron mwenyewe, Gustave, mzee wa Kibelgiji aliyezaliwa Bukavu, alikuwa akimweleza mgeni huyo kwenye simu. "Ule weusi ndio cheti chake. Miaka elfu mbili na mia tano. Ukiusugua, umeiua."

Jumatatu Marcellin alihitaji barua ya kazi ili apewe kibali kipya cha kuishi katika nchi hii ya ugeni; bila duka hili, hakuna barua. Mzee ana mtoto wa jicho. Angeweza kuirudisha chini ya zingine, asiseme kitu.

Akaingia. "Patron, nimeharibu."

Gustave aliipokea, akachukua lenzi. Nje teksi zilipiga honi kuelekea mtaa wa Newtown.

"Umetumia nini?"

"Majivu na ndimu."

"Kama kwa padri, ulivyonisimulia."

"Kama kwa padri, Patron."

Mzee akaigeuza. Ukingoni, pale Marcellin aliposugua kwa nguvu zaidi, palikuwa na wekundu. Akapakwaruza kwa kisu. Wekundu ukapanuka. Akaketi taratibu.

"Bandia. Shaba ndani, fedha juu, na weusi wa kupaka. Na mimi, kwa macho haya, nilitaka kumwapia mtu kwa jina langu." Akashusha pumzi. "Umemsugua mwongo, mjinga wewe."

"Basi sifukuzwi?"

"Barua yako nitaiandika. Ndimu ibaki nyumbani."

Alipomaliza kumpigia mgeni simu kumwambia asije, alifungua sefu, akatoa sarafu nyingine, nzito, nyeusi.

"Hii ni ya kweli. Waderone, kabila la Thrakia, kaskazini ya Wagiriki. Milima yao ilijaa fedha. Hawakuacha kitabu, wala kaburi lenye jina. Wameacha hizi."

Marcellin akainama. "Wamemfunga ng'ombe mti shingoni. Kwetu ng'ombe havuti gari."

"Waambie wenyewe."

Akaishika kwa kingo tu, vidole bado vikinuka ndimu. Ng'ombe alikuwa mweusi ti, ameinua mguu mmoja, na Marcellin hakumgusa.