Sekunde Mbili za Itzel

Desturi ya wapiga makasia haina huruma: ukishindwa, unavua jezi yako na kumkabidhi aliyekushinda, hapo hapo gatini, watu wakitazama. Kocha Wendell Straub aliipenda desturi hiyo miaka ishirini, hadi Jumamosi ile kwenye Ziwa Natoma, mashua yake ilipoachwa nyuma sana na mashua ya chuo kidogo cha serikali. Msichana wa kwanza kuvaa jezi ya bluu ya walioshindwa alikuwa Itzel Barragán wa Stockton.

Wendell alimjua fika. Yeye ndiye aliyemwita chuoni kwake mwaka juzi, akampima jezi kama hiyo hiyo, akamwambia nafasi ni yako. Kocha hupewa nafasi chache za kuwapendekeza wanamichezo wake kwa ofisi ya udahili, na ya mwisho ilikuwa ya Itzel. Kisha tajiri mmoja, Bwana Penhallow, akaja na hundi. Binti yake hakuwahi kushika kasia. Walimkalisha kwenye mashine ya mazoezi ya kupiga makasia, wakammwagia maji kichwani aonekane ametoka jasho, wakampiga picha. Aliyeshika chupa ya maji alikuwa Wendell mwenyewe. Tamaa mbele, mauti nyuma. Ila mauti ya Wendell yalichelewa njiani, na kwa muda akajiona mjanja.

Binti Penhallow hajakanyaga gatini hata siku moja.

Habari za nafasi Wendell huzitoa kwa simu, mzazi akisikiliza, na alijivunia sana utaratibu huo. Safari ile aliutumia kusema uongo. Aliwaambia Itzel na baba yake kwamba kwenye mashine kuna msichana amempita kwa sekunde mbili.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, Kocha," baba alijibu kwa upole. "Asante kwa kutwambia ukweli."

Maneno hayo Wendell hakuyasahau.

Sasa, pale gatini, Itzel alimjia mbio, jezi ya bluu ikiwa bado inadondosha maji.

"Kocha! Mbona unanikwepa? Sijaja kukutambia, bwana. Au nikutambie kidogo?"

"Tamba tu. Umestahili."

"Nimekuja kushukuru. Zile sekunde mbili baba aliziandika kwenye mlango wa friji. Kila alfajiri ananigongea: 'We mvivu, amka, sekunde mbili zinakusubiri!' Bila wewe nisingefika hapa."

Shukrani ile ilimuuma kuliko tusi. Angeweza kutabasamu, wakaagana, na hakuna ambaye angejua. Lakini msichana huyu alikuwa ameamka gizani miaka miwili kwa ajili ya deni asilodaiwa, na Wendell aliona aibu.

"Itzel, hazikuwepo."

"Nini hazikuwepo?"

"Sekunde mbili. Hakuna aliyekupita. Uliwashinda wote. Nafasi yako niliiuza."

Kicheko kilimkauka. Hakupiga kelele, wala hakulia. Aliichukua simu yake kwa mwenzake aliyemshikia, akabonyeza namba ya baba yake, akafungua spika, akamnyooshea Wendell.

"Mwambie na yeye. Si ndiyo utaratibu wako?"

Wendell aliipokea simu kwa mikono miwili. Upande wa pili baba alikuwa amekwisha kupokea, sauti imejaa furaha.

"Enhe, mwanangu! Mmewapiga? Na Kocha je, umemshukuru?"