Diski Iliyoingia Popote

Binti yetu alihama nyumbani kwa ugomvi na baba yake, lakini michoro yake ya kukatia nguo ilibaki ndani ya kompyuta yetu kuukuu. Kazi zake za miaka yote ya ushonaji zilikuwa humo, na matundu ya kuchomekea flashi yalikuwa yamekufa. Kwa hiyo kila Jumamosi alilazimika kuja, kuiwasha, kisha kusubiri.

Ile mashine iliamka kwa shida. Diski yake ilikwaruza na kunguruma, na kabla mchoro mmoja haujafunguka, birika lilikuwa limekwisha kuchemka. Mwanzoni baba na mwana walinuniana, kila mmoja akikodolea macho kioo cha kompyuta. Kisha kuchoka kusubiri kukawafungua midomo.

"Baba, hii kompyuta ni rika lako?"

"Mimi huamka alfajiri. Usinifananishe na huyo mvivu."

Nikiwa jikoni, nilipunguza moto chini ya birika ili nisipate sababu ya kuingia na kuwakatiza.

Mume wangu ni seremala. Akimpenda mtu, humtengenezea kitu. Siku moja aliichomoa ile diski, akaipeleka kwa fundi wa kompyuta bila kumwambia yeyote. Mazungumzo yao alinisimulia baadaye.

"Mzee, plagi hii pana haiingii kwenye kompyuta za siku hizi," fundi alimwambia. "Lakini ninacho kiunganishi. Nitahamishia kila kitu kwenye diski mpya, ya kasi. Hiyo utaichomeka popote."

"Hata kwenye laptopu ya binti yangu?"

"Popote, mzee wangu."

Jumamosi alimkabidhi binti kile kidude, kidogo kuliko kiganja. Binti alikichomeka kwenye laptopu yake, na michoro yote ikatokea kufumba na kufumbua. Akamrukia baba yake shingoni.

"Baba, umeniokoa!"

Mume wangu alitabasamu hadi macho yakapotea. Nilipoingia na chai, binti alikwisha kuvaa viatu.

"Nitapita, mama. Kazi zimenibana."

Hakupita Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Hakuwa na kinyongo. Alipiga simu akicheka. Alikosa tu sababu ya kuja. Laiti wangepata miezi michache zaidi ya kusubiri pamoja, pengine angezoea kuja bila sababu.

Jana mume wangu alinisogelea.

"Mpigie. Mwambie diski mpya inahitaji kukaguliwa. Ailete nyumbani."

"Ikaguliwe na nani, wewe?"

"Mpigie tu, mama watoto."

Nikapiga.

"Inafanya kazi vizuri mno, mama," binti alisema, cherehani ikirindima nyuma yake. "Mwambie baba asante sana."

Nilimfikishia shukrani hizo. Mume wangu akauliza kama nilimwambia binti kwamba yeye hatoki, yupo nyumbani siku nzima.