Siala Katika Shamba la Kukodi

Bwana Cephas wa ofisi ya misitu alifika kwetu Suna mwaka wa 1996 na ramani kubwa, kuanzia Homa Bay hadi mpaka wa Tanzania. Penye misitu palipakwa kijani, na kijani chenyewe kilikuwa kidogo cha kusikitisha, maana vilima vyetu vilikuwa vimenyolewa ili kukausha tumbaku. Alituambia barazani kwamba miti hunyonya hewa chafu inayoharibu majira na hurudisha maji visimani, na kwamba mpango wa serikali ni kila shamba liwe na miti kuzunguka mpaka. Alikuwa mtu mzuri, mzaliwa wa Asumbi, na kuongea alijua. Kasoro yake ilikuwa moja: alihesabu mashamba bila kuuliza ni ya nani.

Jirani yangu Nyanchoka alimwamini. Alikuwa mjane kutoka Kisii, Msabato wa kukaza, na alikuwa ameishi na kulima katika shamba la kukodi la Mzee Gisiri miaka mingi hata watoto wake wakaongea Kijaluo kama wetu. Januari ile kisima cha bondeni kilikauka, na yeye alikuwa akienda mpaka mtoni kwa miguu na mtungi kichwani. Mtu wa hivyo akipewa miche ya bure hangoji kuambiwa mara ya pili. Mvua ilipoanza alichukua miche ya siala, akaipanda kuzunguka shamba lote.

"Umeuliza mzee?" nilimwambia.

"Niulize nini, Teresa? Hii ni miti, si nyumba."

Nilijua hapo kwamba ameshachemsha. Kwetu siala ndiyo alama ya mpaka, na anayeipanda anasema, bila kufungua mdomo, kwamba ardhi ni yake. Mpangaji hupanda mahindi na mihogo, akavuna. Mti hapandi.

Jumamosi, Nyanchoka akiwa kanisani, Benard mwana wa Gisiri alipita shambani akaiona ile miche. Benard alikuwa akitafuta sababu tangu zamani, kwa kuwa alilitaka lile shamba alime tumbaku. Jioni baba yake alikuja mwenyewe na fimbo yake, akasimama mlangoni kwa Nyanchoka. Nilikuwa pale; nilimletea kiti akakikataa.

"Nyar Kisii," alimwita, yaani binti wa Kisii, "umepanda miti kwa shamba yangu."

"Ndiyo, mzee. Bwana Cephas alisema kila shamba."

"Ni Cephas alikupatia shamba?"

"Hapana, mzee. Ni wewe."

"Basi hiyo miti itoke. Na ukimaliza kuvuna mahindi, utafute mahali ingine."

Aliyasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nyanchoka hakuwa na mahali pengine. Huko Kisii shemeji zake walikuwa wameshagawana kipande cha marehemu, na hakuna aliyemwachia hata pa kujenga jiko.

Jumapili asubuhi aliniita nimsaidie kuitoa ile miche, na misa nikaiacha. Nilimwambia aing'oe tu kwa mkono awape mbuzi. Alinitazama vibaya. Alichimba kila mche na udongo wake, akaufunga kwa jani la mgomba, akaupanga kwenye karai. Alikuwa akilia huku akichimba, na mimi nilikuwa nimemkasirikia Cephas na ramani yake.

Naye huyo akatokea na pikipiki, akitoka misa. Aliona mpango wake unafukuliwa, akazima injini.

"Mama, ngoja. Mimi naweza ongea na chifu."

"Chifu hana shamba hapa," Nyanchoka alimjibu. "Wewe unataka miti. Mzee anataka shamba yake. Mimi nataka mahali watoto watalala."

Cephas aliegesha pikipiki, akainua karai moja, nasi tukabeba mengine.

Tulimkuta Gisiri nje ya nyumba yake pamoja na Benard. Nyanchoka aliweka karai chini.

"Mzee, miti yako ndiyo hii, haijakauka. Nilitaka maji irudi kwa kisima, sikutaka shamba. Panda wewe na mkono yako, ikuwe miti ya boma yako. Mimi nitapeleka maji tu."

Benard alicheka. "Mzee apande miti na hiyo magoti?"

Gisiri aliinama, akafungua jani moja, akaigusa mizizi kwa kidole. Ilikuwa bado na unyevu.

"Huyu, siala ya babu yake alikata yote," alituambia, bila kumtazama mwanawe. "Akauzia watu wa tumbaku." Kisha akaomba jembe.

Tukarudi shambani. Benard alibaki nyumbani. Nyanchoka alichimba mashimo, Cephas akasogeza makarai, na Gisiri alichuchumaa, akaweka mche, akashindilia udongo, akapumzika, akahamia shimo jingine. Magoti yake yalikuwa yakilia tukiyasikia, lakini kila nilipomwomba nimsaidie alinikatalia kwa mkono. Kazi ilikuwa lazima iwe yake, na sote tulijua kwa nini.

Mpaka wote ulipokwisha kupandwa, ulikuwa umebaki mche mmoja. Nyanchoka alimnyooshea. Mzee hakuupokea.

"Huo panda wewe."

"Wapi, mzee?"

"Pale kwa mlango yako."

Cephas alinigeukia kana kwamba amesikia vibaya, lakini alikuwa mtoto wa kwetu na alielewa. Mimi nililia, na sioni haya kulisema. Nyanchoka hakulia wala hakushukuru. Alikwenda mlangoni akaanza kuchimba, akachimba shimo kubwa kupita mahitaji ya mche, na hakuna aliyemkataza.

Gisiri aliomba kiti. Nilimletea kile alichokikataa jana, akaketi hapo mlangoni kumngoja amalize.