Pale Okestra Iliponyamaza

...na sasa wamenyamaza wote, si mmoja wala wawili, vayolini zimelazwa mapajani, mpiga ngoma amekunja mikono, kiongozi amekishusha kijiti chake na kumgeukia binti, na binti amebaki peke yake kwenye piano nyeusi akipiga kama mtu asiyejua kuwa wenzake wameshuka njiani, Mungu wangu, amekosea wapi, anajiuliza mama yake kwenye safu ya nyuma, vidole vikivuta uzi kwenye upindo wa sketi, maana muziki huu yeye haujui, anajua kushona tu, na kwa fundi cherehani kazi ikisimama ghafla hivi basi sindano imekatika... "Wifi, wamegoma?" ananong'ona dada wa marehemu mumewe, huyu hata msibani hakosi la kusema, "au hawajalipwa?"... nyamaza wifi, anasema moyoni, kwa sababu katika ukumbi mzima ni yeye peke yake anayejua kilichotokea, sala yake imejibiwa, aliiomba mwenyewe leo asubuhi, ametoka kulipiga pasi gauni hilo hilo linalong'aa jukwaani, akapiga magoti kando ya kitanda, Baba, akosee kidogo tu, si aibu kubwa, kidogo, yule mgeni wa chuo cha ng'ambo atakayekaa mbele atikise kichwa asimchukue, miaka yote hiyo huko, na mimi nibaki na nani katika nyumba ile tangu baba yake aondoke, na akasema amina kwa sauti, binti akatoka bafuni akamuuliza, mama umeniombea, akajibu nimekuombea mwanangu, wala hakudanganya, hapo ndipo penye ubaya wenyewe... kidogo tu, alisema, kama mteja anayekatiwa kitambaa, kumbe Mungu ametoa jora zima, okestra nzima imezimika, na mtoto anakimbia peke yake huku na huko juu ya piano ile, mshono wa bega la kulia unavutika kila mkono unapofika mwisho, unabana, alijua unabana, akajiambia atauachia kesho, hata hilo, Bwana, hata hilo... ifute ile ya asubuhi, anaomba, midomo ikicheza bila sauti, haikuwa sala, ulikuwa uchoyo umepiga magoti, mchukue aende, akae huko hata mpaka nizeeke, lakini usimwache pale mbele za watu ndani ya gauni nililomshonea mimi...

"Mama, unaumwa?" Mwalimu wa piano, aliyekaa kushoto kwake, amemwinamia. "Wamemwacha," anajibu. "Akina nani, hawa? Wanamsubiri, mama. Hapa ndivyo muziki ulivyo, wanampisha apige peke yake. Msikilize, hajakosea hata mahali pamoja."... wanamsubiri, neno hilo linamshuka kifuani polepole, anawatazama upya, mikono ile haikukunjwa kwa kususa, mpiga ngoma ameinamisha kichwa, anatabasamu, watu wazima wote wale wametulia ili mtoto mmoja amalize kusema lake, na yeye mama mtu hajawahi kumpisha hivyo, kila binti akianza habari ya safari alimkatiza, umekula, umefunga dirisha, hebu nishikie huu mkasi... na sasa vidole viwili vinapokezana upesi juu ya sauti mbili, zinatetemeka, zinarefuka, kijiti kinainuka, vayolini zinapanda mabegani kwa pamoja na muziki unarudi kama maji yaliyokatika siku nyingi yakirudi bombani, kwa kishindo, na pumzi inamtoka, ndefu, mpaka mabega yanamshuka... "Kumbe wamepatana," anasema wifi, "sasa unalia nini?"... "Silii," machozi yamefika kidevuni, asante Baba, asante kwa kuninyima, nisamehe na asante, yote mawili kwa pamoja, hajui lipi litangulie... "Kwani akipita leo, ndiyo anaenda kweli?" anauliza wifi... "Anaenda," anasema, na ni mara ya kwanza neno hilo linamtoka mdomoni bila lakini nyuma yake, anajisikia akilisema, halikumuua, anaenda, na kule jukwaani hakuna aliyegeuka, okestra inapiga, na binti ameshusha mikono mapajani, sasa ni zamu yake kuwasikiliza wao.