Jinsi Kumbukumbu ya Baba Ilivyopandishwa

Asubuhi ya Jumamosi mke wa mtaalamu wa kompyuta alisimama juu ya stuli na pazia begani, mkono haufiki kwenye ndoano.

"Hebu nirefushe kidogo," alisema.

Mumewe, aliyekuwa mezani, akaandika amri na kubonyeza. Mke akarefuka, akatundika pazia, akashuka.

"Na unirudishe, si kama juzi."

Juzi mume alisahau, mkewe akashinda kazini na gauni linaloishia magotini.

Programu hiyo aliiandika mwenyewe, na alijivunia, kama sisi watu wa kazi hii tunavyojivunia chochote kisichogoma. Kila mtu wa nyumbani alikuwamo na sifa zake: urefu, sauti, usingizi. Sifa zenyewe hazikuguswa kwa mkono. Ulimpa mtu mojawapo ya amri alizonazo, naye akajibadilisha. Kitambi cha mtaalamu mwenyewe kilimshinda, mganga hajigangi.

Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee alikuwa fundi saa. Alikumbuka kila saa aliyowahi kuifungua, lakini alikuwa amemsahau mwanawe wa pekee. Kila akimwona alisema, "Bwana wa umeme, mita iko nje." Mara ya kwanza mtaalamu alikwenda kulia bafuni. Siku hizi aliitikia, "Nimeiona, mzee," maana kubishana kulimchelewesha kazi.

Siku hiyo akaamua yaishe. Alijaribu njia ya mkato: akaandika moja kwa moja kwamba kumbukumbu ya baba ijae. Kompyuta ikakataa, na mzee kule sebuleni akapiga chafya. Ndipo mtaalamu akafanya lile tunalolifanya tukishashindwa na yote mengine, akasoma maelezo. Amri ya kupandisha kumbukumbu ya baba ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kuongea. Ilidai jina la wa kuongea naye, na ilifanya kazi kadiri huyo alivyokaa.

Akaweka jina lake, akaenda kukaa. Mzee akaanza habari za saa ya ukutani iliyokuwa ikirudi nyuma. Katikati ya habari ya springi akamtazama.

"Mwanangu, mbona umechoka hivyo?"

Mtaalamu alikuwa hajaitwa hivyo muda mrefu. Kisha simu ikalia, ya ofisini, akainuka kuipokea. Aliporudi, alikuwa tena bwana wa umeme, na mita iko nje.

"Si ukae naye tu?" mkewe aliuliza.

"Kila siku?"

"Kwani una baba wangapi?"

Lakini mtu wa kazi yetu akiona jambo la kurudia kila siku, hawezi kulifanya. Lazima atafute kitu kilifanye badala yake, hata kama kutafuta huko kutamla wiki nzima. Akafuta jina lake, akaweka redio. Amri haikuuliza redio ni mtoto wa nani.

Ikafanya kazi vizuri mno. Mzee alishinda akiongea na redio, na mambo yakamrudia: majina ya majirani, mahali alipoficha miwani, mvua iliyonyesha siku mwanawe alipozaliwa. Akaitengea redio kiti mezani. Akaikanya isichelewe kuoa. Mke wa mtaalamu, ambaye hakupenda ugomvi, akaizoea na kuisalimia kila asubuhi kama shemeji. Ofisini mtaalamu aliwaonyesha wenzake jinsi kumbukumbu ilivyopanda, nao wakampigia makofi.

Kisha betri zikaisha. Mtaalamu aliikuta redio kimya mapajani mwa baba yake, akaona hapo ndipo pake. Akavuta kiti karibu, akakohoa kidogo.

"Baba, ni mimi..."

"Shhh!" Mzee aliifunika redio kwa koti lake. "Taratibu, bwana. Mwanangu amelala."

Mtaalamu akavua viatu, akatoka navyo mkononi, asije akamwamsha.