Kigogota wa Mkulo Mkavu

Mwaka ule kijiji cha ujamaa cha akina Rahabu, kule juu ya Lushoto pembeni mwa msitu, kilikubaliana kujenga duka la ushirika. Mti wa kupasua mbao ulishapatikana: mkulo mkubwa uliokauka ukiwa umesimama. Rahabu aliponyanyuka mkutanoni akaomba usikatwe, kwa kuwa ndege vigogota walikuwa wakijenga humo, balozi wa nyumba kumi, Mzee Kornelio, alimjibu kwa upole kwamba kigogota hajengi. Anagogota wadudu, akishiba anakwenda zake. Tundu la kulala huokota lililoachwa na wengine. Mkutano mzima ukacheka. Rahabu naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kicheko, ila moyoni aliapa kuwaonyesha. Taabu ni kwamba alikuwa amesikia mgogoto tu. Tundu lenyewe hakuwahi kuliona.

Kesho yake alimchukua jirani yake Mwanamisi, wakauzunguka mkulo vichwa juu mpaka shingo zikakakamaa. Matundu yalikuwa mengi, yote meusi, ya zamani. Mwanamisi akaokota ufito mrefu akachokoza moja lililokuwa chini, kumbe nyuki walikwisha kuhamia. Waliteremka bondeni mbio, kanga moja ikabaki kwenye miiba, wakaishia kujitupa kijitoni na nguo zao. Walipotoa vichwa majini kila mmoja akamwona mwenzake alivyovimba mdomo, na kicheko kikawashika hata wakashindwa kusimama.

Ni pale Rahabu alipokuwa akimchambua Mwanamisi takataka za kichwani ndipo alipokuta vibanzi vya mti, vyeupe, vibichi kama vya kwa seremala.

“Hivi vimekudondokea ulipokuwa umesimama wapi?” akauliza.

Wakarudi kwa kunyata, safari hii wakitazama chini. Upande ule mkulo ulikoinamia, mbali na nyuki, majani yalikuwa yametapakaa vibanzi. Rahabu akajilaza chali juu yake, akainua macho. Tundu lilikuwapo, la mviringo safi kama lililotobolewa kwa keekee, limetazama chini mvua isiingie. Kichwa kikachomoza na mdomo uliojaa vibanzi, kikavitikisa vikammwagikia Rahabu usoni. Punde akaja mwingine mwenye utosi mwekundu, akagonga kidogo ubavuni mwa mti. Wa ndani akatoka, yeye akaingia, kazi ikaendelea. Rahabu akajiziba mdomo kwa viganja viwili, machozi ya furaha yakimtiririka hadi masikioni.

Mzee Kornelio alifuatwa shambani. Shikamoo yao aliiitikia akiwa na mashaka, na chini ya mkulo alikataa kulala, akasimama mdomo wazi. Vibanzi vikaingia humo humo. Akatema, akatazama tena kwa muda mrefu.

“Rahabu mwanangu,” akasema, “hawa wanapokezana zamu.”

Hapo mzee akatimua mbio kama kijana, fimbo akiiacha, akaenda kuwaita waliokuwa wakilima viazi vya ujamaa. Wakaja wote, wakasukumana, wakalala chali wamebanana bega kwa bega, na kila vibanzi vilipomwagika kicheko kilipita toka mwanzo wa mstari hadi mwisho.

Katibu kata alipofika kukagua shamba alikuta majembe yamesimama ardhini, mtu hakuna. Akafuata sauti hadi msituni, suruali yake ya kupigwa pasi ikikusanya umande, naye akiandaa maneno makali. Balozi akamwomba radhi kwanza, kisha akamweleza kwamba mti umepata wenyewe na duka litasubiri vifaranga waruke. Katibu akauliza wenyewe gani. Rahabu akajisogeza kidogo kumwelekea Mwanamisi, akapigapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kwenye majani.

Katibu akatazama huku na huku, akavua kofia, akalala.